Maisha ya Mganga Robert Koch, na Chuo Alichosomea

Atokaye katika kanisa letu la Azania Front, Dar es Salaam, akashika njia ya pwani, hufika hospitali ya Ocean Road, iliyomalizika kujengwa mwaka 1897. Mwaka ule ule alishuka mjini mganga Mdachi, Robert Koch. Habari zake twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa vijana waulizao ni chuo kipi kifaacho kusomea uganga.

Alizaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Baba yake alikuwa mkubwa wa kazi za migodi, na watoto nyumbani walikuwa 13. Mwaka 1862 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen, kilichokuwa karibu na kwao. Kwanza alisoma hesabu na elimu ya viumbe, huku moyo wake ukitamani nchi za mbali; kisha akageukia uganga. Wanafunzi wengi wa Udachi walikuwa na desturi ya kuhama chuo hata chuo, na Berlin ilikuwa na sifa kubwa kwa ajili ya Virchow. Lakini Koch alikaa pale pale hata akahitimu mwaka 1866.

Hapo Göttingen alifundisha Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika ya kuwa magonjwa ya kuambukiza huletwa na vitu vyenye uhai. Wengi hawakumsadiki. Wala tusidhani kwamba aliwafundisha wanafunzi wake elimu ya vijidudu. Elimu hiyo ilikuwa haijazaliwa. Aliwafundisha viungo vya mwili, na kutazama kwa hadubini pasipo haraka. Kwa hiyo kijana apimaye kati ya Muhimbili, ambako mafunzo ya uganga yalianza mwaka 1963, na chuo cha kanisa letu huko Moshi, cha mwaka 1997, na aulize pia ni nani afundishaye.

Koch alipokuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, aliendelea kutazama vivyo hivyo nyumbani mwake. Mwaka 1876 akaeleza maisha ya kijidudu cha kimeta, na mwaka 1882 akadhihirisha kile cha kifua kikuu.

Safari alizozitamani ujanani alizipata nywele zikiwa zimeanza mvi. Dar es Salaam alichunguza malaria katika damu za wagonjwa. Mwaka 1901 mganga Ollwig akaja kuifuata njia yake: damu za watu wa mjini zikatazamwa, na walioonekana na malaria wakapewa kwinini. Kariakoo ilikuwa haijapata jina lake, maana limetokana na wapagazi wa vita ya 1914–1918.

Mwaka 1905 Koch akarudi, akaifuata njia ya misafara ya Morogoro na Iringa, akichambua udongo wa sakafu katika vibanda walimolala wapagazi. Humo akawakuta papasi, akaonyesha ya kuwa ndio waletao homa ya kurudi-rudi.

Kosa lake hatulifichi. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka macho, wala hawakuona tena. Yeye alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.