Naftali Temu: Mwana wa Gusii aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki

KILA Michezo ya Olimpiki inapokaribia, wakuu wa riadha nchini Kenya huketi na majina ya wanariadha mezani na kujiuliza swali lile lile. Ni kijana yupi atakayerudi nyumbani na dhahabu ya mbio za mita 10,000 za wanaume?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya nusu karne. Kenya imetoa mabingwa wa Olimpiki wa mita 800, mita 1,500, mita 5,000, kuruka viunzi na maji, na marathoni. Lakini katika mizunguko 25 ya mita 10,000, mwanamume Mkenya aliyewahi kutwaa dhahabu ni mmoja tu, naye alifariki mwaka 2003. Jina lake ni Naftali Temu.

Mtu akiulizwa ni nani aliyekuwa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, mara nyingi jibu huwa Kipchoge Keino. Keino anastahili sifa zake zote, ila jibu hilo si sahihi. Temu alimtangulia kwa siku saba.

Naftali Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, katika nyanda za juu ambako ardhi ya Abagusii inapakana na Sotik. Wakati huo Kisii na Nyamira zilikuwa wilaya moja chini ya utawala wa Mwingereza. Ni nchi ya vilima vinavyofuatana bila kupumzika, yenye migomba, majani ya chai na mvua isiyokawia. Mtoto wa huko hujifunza kupanda mlima kabla hajafahamu kwamba kuna watu wanaolipanda jambo hilo kama mazoezi.

Temu hakukuta uwanja mtupu. Abagusii walikuwa tayari na watangulizi wake. Nyandika Maiyoro alikuwa amewaduwaza mashabiki wa London mwaka 1954 aliposhika nafasi ya tatu katika mbio za maili tatu, na baadaye akafika fainali ya mita 5,000 katika Olimpiki za Melbourne 1956 na Roma 1960. Huko Roma alimaliza wa sita. Arere Anentia naye alitwaa shaba ya maili sita katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff, mwaka 1958. Kwa kijana aliyekuwa akikua Gusii, mbio ndefu zilikuwa kazi ya watu aliowajua kwa majina.

Temu alijiunga na jeshi la Kenya, na huko ndiko kipaji chake kilikopata nidhamu. Mwaka 1964, miezi michache baada ya nchi kupata uhuru, alikuwa miongoni mwa waliopeperusha bendera ya taifa changa katika Olimpiki za Tokyo. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alishiriki marathoni, mbio ambazo hata wakimbiaji wakomavu huziogopa, akamaliza wa 49. Shujaa wa Kenya mjini Tokyo alikuwa Wilson Kiprugut, aliyeshinda shaba ya mita 800, nishani ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi. Temu alirudi nyumbani bila mtu kumtazama mara mbili.

Miaka miwili baadaye alitazamwa na ulimwengu mzima.

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1966 ilifanyika Kingston, Jamaika. Katika maili sita kila mtu alimtarajia Ron Clarke wa Australia. Hilo halikuwa jambo la kushangaza. Mwaka 1965 Clarke alikuwa ameweka rekodi za dunia za maili sita na mita 10,000 katika mbio moja mjini Oslo, na hakuna aliyekuwa karibu naye kwa muda. Temu aliandamana naye katika joto la Kingston, akakataa kuachwa, kisha akamwacha yeye. Alikata utepe kwa dakika 27 na sekunde 14, huku Clarke akiwa nyuma kwa takriban sekunde 25. Jim Alder wa Uskoti alikuwa wa tatu.

Ushindi huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ya yale yaliyosemwa baadaye kuhusu Mexico.

Mji wa Mexico uko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilipopelekwa huko, wataalamu walionya kwamba hewa nyepesi ingewasumbua wakimbiaji wa masafa marefu. Hata hivyo, walipoketi kukisia washindi wa mita 10,000, majina yaliyotajwa kwanza yalikuwa ya Clarke na Keino. Mohammed Gammoudi wa Tunisia, aliyekuwa na fedha ya Tokyo, na Mamo Wolde wa Ethiopia walitajwa pia. Temu hakuwa mgeni kwao, lakini Kenya yenyewe iliweka matumaini yake makubwa kwa Keino.

Fainali ilikimbiwa Oktoba 13, siku ya kwanza ya riadha. Mwendo ulianza polepole, kila mmoja akiogopa kuishiwa pumzi. Mizunguko ilipozidi kupungua, kundi lilianza kupukutika. Keino, aliyekuwa akiugua kibofu cha nyongo, alizidiwa na maumivu zikiwa zimesalia raundi chache na kuanguka kando ya njia. Matumaini ya Kenya yalionekana kuanguka pamoja naye.

Wakati huo mwanajeshi kutoka Gusii alikuwa bado yuko mbele. Clarke alilegea. Gammoudi akaachwa. Wakabaki wawili, Temu na Mamo Wolde. Wolde alifyatuka katika mzunguko wa mwisho na kuchukua uongozi, na kwa muda ilionekana dhahabu inakwenda Addis Ababa. Temu hakumwachia nafasi ya kutosha. Walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka alimfikia, akampita, na kumaliza kwa dakika 29, sekunde 27 na nukta 4. Tofauti kati yao haikufika hata sekunde moja. Clarke alimaliza wa sita na kuanguka, ikabidi apewe hewa ya oksijeni.

Hivyo ndivyo Kenya ilivyopata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, miaka isiyotimia mitano tangu uhuru, kwa miguu ya kijana wa miaka 23.

Temu hakukomea hapo. Siku nne baadaye alirudi uwanjani kwa mita 5,000 na kutwaa shaba, nyuma ya Gammoudi na Keino. Watatu hao walitenganishwa na sekunde moja na nusu pekee. Oktoba 20 alijitosa tena katika marathoni na kumaliza wa 19. Siku hiyo hiyo Keino alishinda mita 1,500. Ndani ya juma moja Temu alikuwa amekimbia zaidi ya kilomita 57 za mashindano, katika hewa iliyowaangusha wenzake.

Kenya ilirejea na nishani tisa, tatu zikiwa za dhahabu, baada ya Amos Biwott kushinda mbio za kuruka viunzi na maji. Mbio zote za kuanzia mita 1,500 hadi marathoni zilichukuliwa na Waafrika. Ndipo zikaanza kauli kwamba ushindi huo ulitolewa na mwinuko wa Mexico, na kwamba waliozaliwa milimani walibebwa na hewa. Jibu la Temu lilikuwa limeandikwa tangu 1966. Kingston ni mji wa bandari, uko ufuoni mwa bahari, na huko huko alimshinda mwenye rekodi ya dunia kwa umbali ambao hauhitaji picha ya kuamua.

Baada ya Mexico nyota yake haikung'aa tena vile. Alikwenda Olimpiki za Munich mwaka 1972 lakini hakufika fainali, na muda mfupi baadaye akaachana na mashindano. Enzi zile sheria za riadha ya ridhaa zilimkataza mkimbiaji kulipwa kwa kukimbia. Bingwa alivishwa nishani, akapigiwa wimbo wa taifa, kisha akarudi kazini. Temu alituzwa shamba la ekari 24 katika eneo la Borabu, Mugirango Kaskazini, ambalo leo liko kaunti ya Nyamira. Huko aliishi maisha ya mkulima, mbali na kamera.

Machi 10, 2003, Naftali Temu aliaga dunia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mjini Nairobi kutokana na saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka 57. Watoto waliozaliwa baada ya Mexico walikuwa watu wazima, na wengi wao hawakulijua jina lake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Temu alicheza kwao na ugenini, na bado tuzo kubwa zaidi, ile ya kukumbukwa, imekuwa ikimpitia kando. Sababu moja ni kwamba Keino aliendelea kushinda, akapata dhahabu nyingine Munich na kuwa sura ya riadha ya Kenya. Sababu ya pili ni kwamba Temu mwenyewe hakuwa mtu wa kujitangaza. Lakini historia haipaswi kumwadhibu mtu kwa kunyamaza.

Nyumbani, njia aliyoifungua haikufungwa. Charles Asati na Robert Ouko walikuwa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya mita 400 kwa wanariadha wanne kupokezana vijiti, Munich 1972. Yobes Ondieki alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, na Julai 10, 1993, mjini Oslo, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, ameshinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili pamoja na marathoni za Boston na New York.

Hata hivyo, dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 ilikataa kurudi. Kenya ilisusia michezo ya 1976 na 1980. Richard Chelimo alipata fedha mwaka 1992. Paul Tergat alipata fedha 1996 na tena Sydney mwaka 2000, aliposhindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Paul Tanui alipata fedha 2016. Ilibidi kusubiri hadi Paris 2024, miaka 56 baada ya Mexico, ndipo Beatrice Chebet akaipa Kenya dhahabu hiyo upande wa wanawake.

Upande wa wanaume, kiti cha Temu bado hakijapata wa kukikalia. Msimu ujao utakuja na vijana wapya, na majina yao yatasomwa kwa matumaini, kama yalivyosomwa ya Keino na Clarke mwaka 1968. Wanaochagua wangefanya vyema kukumbuka kwamba dhahabu ya kwanza ya nchi hii ililetwa na mtu ambaye wengi hawakumtarajia. Na vijana wanaopanda vilima vya Kisii na Nyamira alfajiri wana haki ya kujua kwamba aliyewatangulia katika njia hiyo alikuwa wa kwao.