Mtumwa kutoka Niger, mganga wa Karema

Tunapohubiri habari za Yosefu mwana wa Yakobo, mapadre huwa tunaharakisha kufika Misri, kwenye maghala ya nafaka. Safari yenyewe, mtoto yuko nyuma ya ngamia wa watu wasiomfahamu na kwao kunazidi kuwa mbali, tunaipita kwa sentensi moja. Jumapili hii, ndugu msomaji, naomba tukae kidogo kwenye safari ya namna hiyo. Aliyesafiri alikuja kuwa mtu wa kwetu, wa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, jirani na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria. Sisi Watanzania tukisikia utumwa tunawaza Bagamoyo na Unguja. Tunasahau kwamba kaskazini nako kulikuwa na njia zake, za mchanga mtupu, zilizotumika karne nyingi.

Huko Algeria walimnunua Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Ndio hao hao waliofungua misioni ya Kikatoliki huku kwetu Mbulu. Walimnunua ili awe huru, na hilo ni tendo la huruma. Hata hivyo neno hilo, kumnunua, hunikwaza kila ninapolitamka. Fedha ya ukombozi nayo iliingia mkononi mwa mwizi wa watoto. Na mtoto mwenyewe hakurudishwa kwa mama yake, alipelekwa shule. Namheshimu sana Lavigerie, ambaye mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akipiga kelele dhidi ya utumwa, lakini sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Lavigerie aliamini Waafrika wataipokea Injili vizuri zaidi kutoka kwa Waafrika wenzao. Hakutaka vijana wote waliokombolewa wawe mapadre. Alitaka waganga, watu watakaooa, watakaojenga na kulima kama jirani zao, na kufundisha dini huku wakitibu. Mwaka 1881 Atiman na wenzake walipelekwa kisiwani Malta kusomea uganga. Alitoka huko akiwa daktari na katekista.

Mwaka 1888 alishuka Zanzibar, akashika njia ya bara pamoja na msafara wa misioni. Hapa ndipo ninaposimama kila nikisoma habari zake. Njia ile kutoka pwani kwenda Tabora na ziwani ndiyo njia waliyoshushwa watumwa wa kwetu, na biashara hiyo ilikuwa bado haijafa. Kijana aliyeburutwa jangwani alikuwa sasa anapanda bara kwa miguu yake, na dawa mzigoni, akielekea kule walikokuwa wanakamatwa wengine. Mwaka huo huo pwani iliwaka kwa vita vya Abushiri.

Alifika Karema mwaka 1889. Palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji miaka kumi nyuma, wakaikabidhi kwa mapadre mwaka 1885, na kuizunguka kulikuwa na vijiji vya watu waliokombolewa kama yeye. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Hivyo mgeni asiye na ukoo wowote katika nchi hii akawa mkwe wa watu. Mtoto wao Yosefu alikuja kupata upadre. Jina hilo nalo!

Kazi yake haina matukio ya kushangaza, na pengine ndiyo sababu haijulikani. Alitibu vidonda, homa na macho, na kufundisha katekisimu. Dawa za Ulaya zilipopungua hakuona aibu kutumia mitishamba ya wenyeji. Alipofika, bendera ya Mjerumani ilikuwa bado haijapandishwa ziwani. Aliwaona Wajerumani wakija na wakiondoka, akawaona Waingereza, na kila utawala ulimkuta anapokea wagonjwa. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe, naye alikuwa na miaka kama themanini.

Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya kuwahudumia watu wa ziwa kwa miaka 67. Uhuru ulikuwa umebaki miaka mitano. Walioko Dar es Salaam huenda wamewahi kuiona nyumba ya Wamisionari wa Afrika iitwayo Atiman House. Jina hilo ni lake.