Kazadi Mwamba: Kipa aliyetolewa dakika ya 21

Mashabiki wa TP Mazembe walio Uvira na kando ya Ziwa Tanganyika wanamkumbuka vizuri Robert Kidiaba, aliyekuwa akiruka kwa makalio kila timu ilipofunga. Kabla yake kulikuwa na kipa mwingine Lubumbashi, Kazadi Mwamba. Nje ya Kongo, wengi wanamtaja kwa dakika 21 tu za maisha yake.

Alizaliwa 1947. Alidakia TP Englebert, jina la zamani la Mazembe, enzi klabu hiyo ilipofika fainali ya klabu bingwa Afrika mara nne mfululizo. Ilitwaa kombe 1967 na 1968, ikalikosa 1969 mbele ya Ismaily ya Misri na 1970 mbele ya Asante Kotoko ya Ghana. Januari 1968, akiwa bado na miaka 20, alikuwa bingwa wa Afrika na timu ya taifa baada ya kuifunga Ghana 1-0 mjini Addis Ababa. Miaka sita baadaye alilibeba tena kombe hilo, safari hii Misri, Zaire ilipoishinda Zambia 2-0 katika fainali iliyorudiwa.

Mwaka huo huo wa 1974 Zaire ilikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, na si matokeo ya aibu hata kidogo. Kisha wachezaji wakaambiwa hawatalipwa posho zao. Waligoma, wakabembelezwa, na Juni 18 wakaingia uwanjani Gelsenkirchen kukutana na Yugoslavia mioyo ikiwa imevunjika.

Kufikia dakika ya 18 yalikuwa matatu. Dakika ya 21 kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu, kipa mfupi zaidi. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuokota mpira wavuni. Mechi ikaisha 9-0, sita kati ya hayo yakiwa yameingia baada ya Kazadi kuondoka. Kwa kuwa Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia, na kipa wa zamani aliyepata dhahabu ya Olimpiki 1960, maneno yalikuwa mengi. Baadaye alieleza kuwa amri ya kumtoa kipa ilitoka kwa ofisa wa wizara ya michezo. Kama ni hivyo, Kazadi aliadhibiwa na mtu asiyejua mpira.

Siku nne baadaye alirudishwa golini dhidi ya Brazil. Hesabu ilikuwa rahisi: Brazil ilihitaji ushindi wa mabao matatu, la sivyo Scotland ingepita. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba walitishiwa wasirudi nyumbani wakifungwa mengi. Hadi dakika ya 79 yalikuwa mawili. Shuti la Valdomiro, la pembeni na wala si kali, likapita chini ya mwili wa Kazadi. Scotland ikarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja.

Zaire ilijitoa katika mbio za kufuzu Kombe la Dunia la 1978. Kazadi alifariki 1996, miaka 13 kabla Mazembe haijatwaa tena kombe la klabu bingwa Afrika, Kidiaba akiwa golini.