Linus Pauling: msomi mkubwa aliyeamini vitamini C kupita kipimo

Katika farmasia za Oicha, sawa na zile za Beni na Butembo, mtu anaweza kununua vitamini C bila karatasi ya muganga. Wengine wanaitafuna kama bonbo wakati wa mafua, wakisema vitamini haiwezi kuumiza mtu. Mmoja wa watu walioeneza sana imani hiyo duniani alikuwa mwanasayansi wa Marekani, Linus Pauling, aliyefariki mwaka wa 1994.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 mjini Portland. Baba yake alikuwa muuza-dawa, akafa mwaka wa 1910 wakati Linus alikuwa na miaka 9. Mama alibaki na watoto 3, akaanza kupangisha vyumba nyumbani ili wapate chakula. Kijana Linus alifanya kazi ndogo-ndogo huku akisoma kemia. Mwaka wa 1923 alimwoa Ava Helen Miller, wakazaa watoto 4. Mwaka wa 1925 akapata udokta katika chuo kikuu cha Caltech, California.

Kazi yake moja inagusa familia nyingi za Kongo. Mwaka wa 1949, yeye na wenzake walipitisha umeme katika hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa ndani ya damu. Wakaona kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa drepanositozi, ule ugonjwa ambao wazazi wanauita SS, ni tofauti na ya watu wengine. Hadi leo, njia hiyo ya umeme ni moja kati ya zile zinazotumiwa kupima SS.

Mwaka wa 1954 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia, juu ya kueleza namna atomu zinavyoshikamana. Wakati huo alikuwa pia anapinga silaha za nyuklia. Bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945 lilitengenezwa kwa sehemu kubwa na uraniamu ya Shinkolobwe, kule Katanga. Pauling alikusanya sahihi za wanasayansi zaidi ya 9,000 dhidi ya majaribio ya mabomu, akazipeleka Umoja wa Mataifa mwaka wa 1958. Akapewa pia tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka wa 1962. Ni yeye pekee aliyepata tuzo 2 za Nobel bila kugawana na mwingine.

Kwa hiyo, alipoanza kusema juu ya vitamini, watu walisikiliza. Mwaka wa 1966, mtu mmoja, Irwin Stone, alimwandikia akimshauri anywe grama 3 za vitamini C kila siku ili aishi miaka mingi. Pauling alijaribu, akajisikia vizuri, akaongeza. Mwaka wa 1970 akatoa kitabu kuhusu vitamini C na mafua, na watu wakakimbilia farmasia. Baadaye yeye mwenyewe alikunywa hadi grama 18 kwa siku, sawa na kompirime 36 za miligrama 500. Lakini mtu mzima anahitaji chini ya miligrama 100 tu kwa siku.

Akaenda mbali zaidi, akisema vitamini C inasaidia wagonjwa wa kansa. Waganga wa Mayo Clinic, Marekani, walijaribu grama 10 kwa siku, wakalinganisha na wagonjwa waliopewa kompirime zisizo na dawa. Matokeo ya 1979 na ya 1985 hayakuonyesha faida yoyote. Pauling alikataa, akisema majaribio hayakufanywa vizuri. Mke wake Ava Helen, ambaye naye alikuwa anakunywa vitamini C, alifariki mwaka wa 1981 kwa kansa ya tumbo. Yeye alifariki tarehe 19 Agosti 1994 kwa kansa ya prostati, akiwa na miaka 93. Hakuna anayeweza kusema kwamba vitamini ziliwaua. Ila hazikuwakinga.

Kuhusu mafua, majaribio mengi yameonyesha kwamba kunywa vitamini C kila siku hakuzuii watu wa kawaida kuyapata. Kunapunguza tu kidogo siku za kuugua. Kupita grama 2 kwa siku kunaweza kuleta kuhara na maumivu ya tumbo, na kwa watu wengine mawe ndani ya figo. Mgonjwa wa SS aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma nyingi mwilini, na vitamini C inazidi kuiingiza. Mtoto wa namna hiyo asipewe bila kuuliza muganga.

Kuna vitamini nyingine kali zaidi. Vitamini A nyingi inaweza kuharibu ini na kuumiza mtoto ndani ya tumbo la mama. Ndiyo maana ile ya kampeni inatolewa kwa kipimo, kila miezi 6, na mama mjamzito hapewi kapsuli ile ya watoto. Vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi.

Kwa mtu asiye mgonjwa, pera moja au chungwa kubwa karibu linatosha kwa siku nzima. Na anayekunywa vitamini kila siku aonyeshe pakiti yake kwenye kituo cha afya, wamsomee kipimo.