Naftali Temu: Msee wa Gusii Aliyeletea Kenya Dhahabu ya Kwanza, Halafu Mashabiki Wakaishia

Kama umewahi kuamka Kiogoro siku Shabana wako na mechi nyumbani, unajua vile mambo hukaa. Kitu ya kwanza ni kuhesabu doo mfukoni. Ukipanda nduthi mpaka Kisii mjini, pesa ya tiketi inapungua. Ukienda na miguu, tiketi iko, lakini chai na mandazi sahau. Kwa hivyo mnatembea mbogi nzima, jezi mwilini, vuvuzela mkononi, na mkikaribia Gusii Stadium mnasikia ngoma kabla hamjaona geti.

Getini ndio kuna siasa sasa. Kuna msee amelipa mapema, kuna mwenye anaomba aongezewe finje, na kuna mwenye anapima ukuta kwa macho. Tuseme tiketi ni soo mbili. Kwa kijana anayepata mia tano kwa siku ya mjengo, hiyo ni karibu nusu ya jasho lake, na mechi ni dakika 90 tu. Lakini bado unaenda. Unaimba Tore Bobe mpaka sauti inakauka, unarudi ocha na njaa, na wiki ijayo uko hapo tena.

Sasa nikuulize swali moja. Ni nani Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki?

Kama umesema Kipchoge Keino, hauko peke yako. Uliza wasee kumi pale stendi na wengi watakuambia hivyo hivyo. Lakini jibu ni Naftali Temu, kijana wetu wa Gusii. Hakuwa mchezaji wa boli, alikuwa mkimbiaji. Nakupea stori yake kwa sababu inakuhusu wewe shabiki moja kwa moja.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945. Alikulia kwenye milima hii hii unayoijua, kupanda na kushuka, hewa nyepesi, barabara ya udongo. Shule alikuwa anaenda mbio na kurudi mbio, vile watoto wengi wa huku walifanya wakati huo. Hakukuwa na kocha wala saa ya kupima muda. Alipokuwa mkubwa aliingia jeshi, na jeshi ndilo lililompa kitu ambacho kijana wa ocha hakuwa nacho: muda wa mazoezi, viatu, na watu wa kumsukuma.

Na usidhani alikuwa wa kwanza kutoka huku. Kabla yake kulikuwa na Nyantika Maiyoro, Mgusii mwingine, aliyekimbia mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akamaliza nambari 7, halafu Roma 1960 akamaliza nambari 6. Kwa hivyo Temu alikua akijua kwamba mtu wa kwao anaweza kusimama na wazungu kwenye mstari mmoja.

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Tokyo, 1964. Manze, ilikuwa noma. Mita 10,000 hakumaliza. Kwenye marathoni alimaliza, lakini nambari 49. Alikuwa na miaka 19. Kama kungekuwa na simu wakati huo, fikiria vile wangemchapa mitandaoni. Wangesema arudi akachunge ng'ombe. Alirudi mazoezini.

Miaka miwili baadaye, 1966, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, Jamaika. Kwenye mbio za maili 6 kulikuwa na Ron Clarke wa Australia. Cheki, Clarke hakuwa mtu wa mchezo. Ndiye alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, na dunia nzima ilikuwa inamuogopa. Temu alimpita na kumwacha nyuma kabisa. Siku hiyo watu walianza kuuliza huyu kijana ametoka wapi.

Halafu ikafika 13 Oktoba 1968, Mexico City. Mji uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezoea kukimbia chini, hewa huko inakosekana mapafuni. Kwa mtu aliyelelewa Gusii, hewa kama hiyo si kitu ngeni.

Mita 10,000 ni raundi 25. Mbio zilianza polepole kwa sababu kila mtu alikuwa anaogopa kuchomeka mapema. Keino alikuwa ndani pia, lakini tumbo lilikuwa linamsumbua vibaya na raundi chache kabla ya mwisho akatoka. Clarke alianza kuchoka. Mbele wakabaki Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohamed Gammoudi wa Tunisia. Afrika tupu. Kengele ya raundi ya mwisho ilipolia, Wolde alikuwa anaongoza. Kwenye mita za mwisho kabisa Temu akatoa kila kitu alichokuwa nacho, akampita. Dakika 29, sekunde 27.4. Wolde akaingia sekunde 28 kamili. Hiyo ni tofauti ya nusu sekunde na kitu kidogo, baada ya kilomita 10. Clarke alimaliza nambari 6, akaanguka, wakamwekea oksijeni.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika historia ya Olimpiki. Dhahabu ya Keino ya mita 1,500 na ile ya Amos Biwott ya kuruka viunzi na maji zilikuja siku kadhaa baadaye, hapo hapo Mexico. Na Temu hakupumzika. Siku nne baada ya kushinda aliingia fainali ya mita 5,000 akapata shaba. Kisha akakimbia marathoni, akamaliza nambari 19. Kwa wiki moja! Msee wa siku hizi akicheza mechi mbili kwa wiki analia misuli.

Huku nyumbani nyumba nyingi hazikuwa na runinga. Stori ilikuja kwa redio na kwa mdomo, kutoka duka moja hadi lingine. Hakuna Mgusii aliyelipa tiketi kumwona Temu akishinda Mexico. Alitukimbilia bure, na bado akatupa kitu cha kujivunia.

Sasa hapa ndipo stori inauma. Wakati huo Olimpiki ilikuwa ya ridhaa. Sheria ilisema mwanariadha asilipwe. Ushindi ambao leo ungeleta kandarasi ya viatu na plot Nairobi, kwa Temu ulileta medali na makofi. Mwaka 1972 alienda Munich, akatolewa kwenye mchujo. Mwaka uliofuata akaacha mbio. Serikali ilikuwa imempa shamba kule Borabu, Nyamira, na hilo tusilifiche, alipewa. Akaenda kuishi huko kama mkulima mwingine yeyote.

Halafu kimya. Miaka ikaenda. Keino alibaki kwenye midomo ya watu, na Eldoret kuna uwanja wenye jina lake. Temu akawa mzee anayepita sokoni na watoto hawajui ni nani. Akashikwa na kansa ya tezi dume. Tarehe 10 Machi 2003 akafariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Alikuwa na miaka 57. Hata sitini hakufika.

Sasa rudi pale Gusii Stadium na ufikirie. Shabana walishuka daraja mwaka 2006. Walikaa chini miaka 17. Miaka 17, buda! Kuna mtoto alizaliwa timu ikishuka, akamaliza karibu shule yote bila kuona Shabana ligi kuu. Lakini mashabiki hawakuishia. Walifuata timu kwenye viwanja vya vumbi, na iliporudi ligi kuu 2023, Kisii ilisimama. Kwa uaminifu, watu wetu hawana mpinzani.

Kwa hivyo si kweli kwamba sisi ni watu wa kusahau. Tunaweza kungoja jezi miaka 17. Tatizo ni kwamba tunapenda jezi kuliko mtu aliye ndani yake. Jezi haizeeki, haiugui, haiombi nauli ya kwenda hospitali. Mchezaji anafanya hayo yote. Leo unamwimba straika kwa sababu amefunga, mwaka ujao goti limeharibika na hata hujui anaishi wapi.

Tiketi inaingia hapo. Pesa ya geti ni kati ya vitu vichache ambavyo klabu inaweza kutumia kulipa wachezaji, na kila shabiki wa ligi yetu anajua stori za wachezaji kukaa miezi bila mshahara. Ukiruka ukuta umeokoa soo mbili, lakini umeitoa kwa kijana kama Temu. Hilo ni lako wewe.

Lakini kuna lingine ni la wanaopanga bei. Wasiweke tiketi kana kwamba kila mtu ana kazi ya ofisi. Kijana wa Kiogoro anayetembea kwa mguu ili abaki na pesa ya kuingia ndiye anafanya uwanja uwe na sauti. Siku bei itamshinda, mtabaki na viti safi na kimya. Bora elfu kumi walipe kidogo kuliko elfu mbili walipe sana.

Na wewe, kuna kitu unaweza kufanya bila hata shilingi. Ukifika kejani leo, uliza mzee wako kama anamkumbuka Naftali Temu. Kama alikuwa kijana 1968, kaa chini umsikize, anaweza kukuambia alikuwa wapi redio ilipotangaza. Halafu mechi ijayo mkiwa njiani kutoka Kiogoro, wapatie mbogi hiyo stori. Na yule mchezaji wa zamani unayemjua mtaani kwenu, aliyewahi kuvaa jezi na sasa hakuna anayemwita jina, msalimie. Mbebe muende naye uwanjani. Mkishika kiti, mwambie kila mtu ni nani.