Konosuke Matsushita: Mkaguzi wa umeme aliyeacha mshahara akiwa mgonjwa na kuanzisha National

Dereva aliyezoea posho ya safari na mshahara wa mwisho wa mwezi, siku anaponunua lori lake mwenyewe hukutana na jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Zamani lori likikwama mpakani siku nne, hilo lilikuwa tatizo la tajiri. Yeye alitandika mkeka chini ya gari akalala. Sasa tajiri ni yeye, na usingizi hauji. Hali ni hiyo hiyo kwa karani wa wakala wa forodha anayefungua ofisi yake, na kwa muuza duka wa kuajiriwa anayeanza kuvusha mzigo wake mwenyewe. Wengi hujiandaa kwa mtaji, leseni na wateja, lakini hawajiandai kwa msongo wa mawazo.

Kwa sababu hiyo tumeona tuwaletee wasomaji wetu maisha ya Konosuke Matsushita wa Japani. Jina hilo huenda likawa geni, lakini bidhaa zake si ngeni. Redio na betri za National zilijaa katika nyumba za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na kampuni yake ilikuja kujenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Leo kampuni hiyo inaitwa Panasonic.

UTOTO WA HASARA

Matsushita alizaliwa tarehe 27 Novemba 1894 katika kijiji cha Wasa, mkoa wa Wakayama, akiwa mtoto wa mwisho kati ya wanane. Baba yake alikuwa na ardhi na heshima kijijini. Mwaka 1899 mzee huyo alijiingiza katika biashara ya kubahatisha bei ya mchele, akapoteza karibu kila kitu. Familia ikahamia mjini na kufungua duka la viatu vya mbao, nalo halikudumu. Kwa hiyo mtoto huyu alijua mapema kwamba biashara inaweza kumlaza mtu njaa pamoja na wanawe.

Akiwa na miaka 9 aliachishwa shule akapelekwa Osaka kujifunza kazi, kwanza katika duka la majiko ya mkaa ya kuotea moto, kisha katika duka la baiskeli. Huko kwenye baiskeli alikaa miaka mitano hivi, akafunzwa kusalimia mteja, kufuatilia deni na kutunza vyombo vya kazi. Mwaka 1910, akiwa na miaka 15, aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Osaka kama msaidizi wa kutandaza nyaya. Alipanda vyeo haraka. Mwaka 1917, akiwa na miaka 22, alikuwa mkaguzi, cheo ambacho vijana wa rika lake hawakukifikia.

MSHAHARA MZURI, MAPAFU MABOVU

Kwa nje alionekana amefanikiwa. Kazi ya ukaguzi ilikuwa nyepesi, humaliza mapema na siku inabaki ndefu. Lakini mambo mawili yalimsumbua. La kwanza, alikuwa amebuni holda ya balbu iliyo bora kuliko zilizokuwepo, na mkubwa wake wa kazi akaikataa. La pili lilikuwa zito zaidi: mapafu yake yalikuwa yanaumwa. Daktari alimtaka apumzike, lakini asiyekwenda kazini hakulipwa. Kifua kikuu kilikuwa tayari kimewachukua ndugu zake kadhaa. Wazazi nao walikuwa wamekwisha kufariki.

Ndipo akaanza kufikiri kwamba mtu mgonjwa anahitaji kazi ambayo ataweza kuipanga mwenyewe. Wazo lake la kwanza lilikuwa kufungua kibanda cha supu tamu ya maharage. Mkewe Mumeno, waliyeoana mwaka 1915, hakulipenda. Hatimaye akarudi kwenye kitu anachokijua, yaani vifaa vya umeme. Juni 1917 akaacha kazi.

CHUMBA KIMOJA, YENI MIA

Kiinua mgongo na akiba yake vyote kwa pamoja havikufika yeni 100. Mashine moja tu ingemaliza fedha hizo, ikabidi akope kwa rafiki. Karakana ilikuwa nyumba yao ya kupanga ya vyumba viwili; wakabomoa sehemu ya sakafu ya chumba kimoja ili wapate pa kufanyia kazi. Watu walikuwa watano: yeye, mkewe, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa na miaka 14, na wenzake wawili waliotoka naye kampuni ya umeme.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hakuna hata mmoja aliyejua kuchanganya ile nyenzo inayozuia umeme ndani ya holda. Wakahangaika kwa majaribio hadi mtu mmoja wa kazi ya zamani alipowasaidia. Holda zilipokuwa tayari wakazungusha mji mzima, na baada ya siku 10 hivi walikuwa wameuza zipatazo 100 tu. Fedha hizo hazikutosha kununua malighafi, sembuse mishahara.

Wale wenzake wawili wakaondoka kutafuta kazi nyingine. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na familia za kulisha. Mumeno akaanza kupeleka kimono zake na vitu vya nyumbani kuweka rehani. Mume mgonjwa, mtaji umekwisha, wafanyakazi wamekwenda, na kule alikotoka mshahara ulikuwa wa uhakika. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuhesabu siku za rejesho la mkopo huku mzigo umelala ghalani anaijua hali hiyo.

Desemba 1917 ikaja oda ambayo hawakuitarajia. Kampuni moja ya feni ilitaka vibao 1,000 vya kuzuia umeme, haraka, kabla ya mwaka kwisha. Holda yenyewe hawakuitaka, ila ile nyenzo iliyowatesa sasa walikuwa wanaijua. Watatu hao wakafanya kazi usiku na mchana, wakafikisha mzigo kwa wakati na kubaki na faida ya yeni 80 hivi. Oda nyingine ikafuata. Tarehe 7 Machi 1918 Matsushita akaanzisha rasmi kampuni yake.

Tusidanganyane, hapo bahati ilikuwepo. Lakini bahati ilimkuta bado yupo karakanani, na alikuwa bado yupo kwa sababu nyumba ilikubaliana kubana matumizi.

TAA YA BAISKELI

Mwaka 1923 alitengeneza taa ya baiskeli ya betri iliyoweza kuwaka zaidi ya saa 30, wakati taa nyingi za betri za siku hizo zilizima baada ya saa chache. Wenye maduka ya jumla hawakuamini, wakaikataa. Taa zikarundikana. Matsushita hakukaa nyumbani akiumia kichwa. Aliwapa wenye maduka ya rejareja taa bila kudai fedha, moja ikiwa imewashwa, wajionee wenyewe itazima lini. Wakiridhika ndipo walipe. Ilikuwa hatari, maana wangekataa kulipa angefilisika. Taa zikawaka kweli, oda zikaja. Mwaka 1927 akatoa taa nyingine, na hiyo ndiyo ya kwanza kubeba jina la National.

Mwaka huo huo wa 1927 mwanawe wa pekee wa kiume alifariki akiwa mchanga. Tunalitaja hili kwa sababu wengi hudhani aliyefanikiwa hakuwa na msiba nyumbani.

KITANDANI WAKATI WA MDORORO

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa mwaka 1929. Uchumi wa dunia ulianguka, mauzo yakashuka kwa nusu na ghala likajaa. Viwanda vingine vilikuwa vinafukuza watu. Matsushita mwenyewe alikuwa amelala kitandani anaumwa. Wasaidizi wake, mmoja wao yule shemeji yake Toshio, wakaja na shauri la kupunguza nusu ya wafanyakazi.

Aliamua vingine. Uzalishaji upunguzwe nusu, watu wafanye kazi nusu siku, asifukuzwe hata mmoja na mshahara ulipwe wote. Kwa upande wao, wafanyakazi wasaidie kuuza mali iliyokuwa ghalani, hata siku za mapumziko. Kufikia Februari 1930 mali hiyo ilikuwa imekwisha na kiwanda kikarudi kazi ya kutwa.

Tuangalie hapa jambo moja. Mgonjwa aliye kitandani hawezi kukimbilia kila duka. Ilimlazimu aamue lile la msingi, kisha mengine awaachie watu. Mei 1933 aliufanya mtindo huo kuwa utaratibu: akaigawa kampuni katika idara, moja ya redio, nyingine ya taa na betri, nyingine ya vifaa vya nyaya, kila moja na mkuu wake na hesabu zake za faida na hasara. Udhaifu wa mwili ulimfundisha kukabidhi kazi, jambo ambalo wenye afya hulichelewa.

Baada ya vita kuu ya pili, utawala wa Marekani ulitaka kumwondoa katika uongozi. Wafanyakazi kupitia chama chao walikusanya saini kumtetea, akabaki. Aliacha urais wa kampuni mwaka 1961. Hata hivyo mwaka 1964 mauzo yalipoyumba na mawakala kulia hasara, alikaa nao siku tatu mjini Atami, akasikiliza lawama zao, akaomba radhi, na akiwa na miaka 69 akarudi kwa muda kusimamia mauzo. Alifariki tarehe 27 Aprili 1989 akiwa na miaka 94, yeye ambaye ndugu zake wote saba walikuwa wamefariki kabla hajafika miaka 30.

YA KUJIFUNZA

Kwanza, nyumba ijue. Aliyemficha mwenzi wake deni la lori hubeba mizigo miwili, deni na siri. Mumeno alikuwa anajua hesabu, ndiyo maana alikubali kuweka nguo rehani.

Pili, anza na kazi unayoijua. Dereva anajua barabara, karani anajua makaratasi. Maarifa hayo hayapotei hata bidhaa ya kwanza ikikataliwa.

Tatu, tenganisha tatizo unaloweza kulishughulikia leo na lile linalongoja. Foleni ya mpakani huwezi kuisukuma. Simu kwa mwenye mzigo kumweleza hali unaweza kuipiga sasa hivi.

Nne, usingoje kuugua ndipo umwamini utingo au karani wako. Mkabidhi safari moja na hesabu zake, ukague akirudi. Mwenye lori moja akishindwa kukabidhi, akipata la pili hatalala kabisa.