Baron Mwekundu: Rubani aliyekusanya alama za ndege alizoangusha

KUTA za chumba cha Manfred von Richthofen, nyumbani kwa wazazi wake katika mji wa Schweidnitz, zilijaa vipande vya kitambaa vyenye nambari. Kila kipande kilitolewa kwa ndege iliyoangushwa vitani. Taa iliyoning'inia darini ilitengenezwa kwa injini ya ndege, na juu ya mlango palitundikwa bunduki ya rashasha ambayo mwenyewe alikuwa marehemu.

Richthofen alizaliwa Mei 2, 1892, karibu na Breslau, jiji ambalo leo ni Wrocław nchini Poland, katika ukoo wa makabaila wa Kijerumani. Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa katika shule ya kijeshi, na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914 alikuwa afisa wa kikosi cha farasi. Hata hivyo, farasi hawakufua dafu mbele ya mahandaki na seng'enge, hivyo mwaka uliofuata akahamia kikosi cha ndege.

Tangu utotoni alikuwa mwindaji hodari, na bila shaka ni tabia hiyo aliyopanda nayo angani. Mwindaji huhifadhi pembe. Yeye alihifadhi nambari. Ndege za enzi hizo zilivikwa kitambaa cha kitani juu ya mbao, na nambari ya kila ndege ya Uingereza ilipakwa rangi kwenye mkia, mahali palipokatika kwa urahisi.

Ushindi wake wa kwanza uliothibitishwa ulikuwa wa Septemba 17, 1916. Waingereza wawili waliokuwa katika ndege hiyo walifariki. Richthofen aliwawekea jiwe kaburini kwa heshima, kisha akamwagizia sonara mmoja wa Berlin kikombe kidogo cha fedha chenye tarehe na aina ya ndege. Ni vigumu kuyapatanisha matendo hayo mawili, ingawa yeye hakuona kinzano lolote. Vikombe viliendelea kuagizwa hadi vikafika 60, kisha vikakoma kwa sababu madini ya fedha yaliadimika Ujerumani.

Ile bunduki ya mlangoni ilikuwa ya Meja Lanoe Hawker, rubani Mwingereza aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross. Wawili hao walizungukana angani kwa muda mrefu mnamo Novemba 23, 1916, kabla ya Hawker kupigwa risasi kichwani.

Januari 1917 Richthofen alitunukiwa Pour le Mérite, nishani kuu ya ushujaa ya Prussia, ambayo ni msalaba wa buluu unaovaliwa shingoni. Wakati huohuo alikabidhiwa kikosi chake mwenyewe na akaipaka ndege yake rangi nyekundu, jambo lililompa jina la Baron Mwekundu.

Aprili 21, 1918, akiwa na umri wa miaka 25 na ushindi 80, risasi moja ilimpenya kifuani karibu na mto Somme, nchini Ufaransa. Ndege yake aina ya Fokker yenye mabawa ya ghorofa tatu ilitua ikiwa haijaharibika sana. Kilichoiangamiza ni wanajeshi wa Australia waliokuwa karibu, ambao waliikimbilia na kuichanachana wakitafuta kumbukumbu: misalaba myeusi, vitambaa vyekundu, vyuma, chochote kilichong'oka.

Pupa hiyo ilikuwa na gharama. Uingereza ilimpa sifa Kapteni Roy Brown wa Canada, ilhali watafiti wengi wa baadaye wameshikilia kwamba risasi ilitoka ardhini, kwa Waaustralia. Matundu ya risasi katika ndege hiyo yangeweza kusaidia kuamua, lakini yalikwisha kutiwa mifukoni pamoja na kitambaa chake. Mzozo haujaisha.

Waaustralia walimzika kwa heshima zote za kijeshi siku iliyofuata huko Bertangles. Usukani wa ndege yake umo katika makumbusho ya vita ya Canberra, injini iko London na kiti kiko Toronto.

Mamake, Kunigunde, alifungua nyumba ya Schweidnitz kama makumbusho mwaka wa 1933. Mwaka wa 1945 familia ilikimbia majeshi ya Kisovieti yalipokaribia, na nambari zile za ukutani zikatoweka.